Mtu wa Kumuuliza

Frida Kihwele alipofika Mbeya kuanza mwaka wa kwanza wa uhandisi wa umeme, wenzake walikuwa wameshajuana. Yeye alichelewa. Mama yake alikuwa amelazwa Iringa kwa ajili ya presha, na Frida hakuwa na moyo wa kuondoka mpaka alipomwona anatembea mwenyewe kutoka kitandani hadi dirishani, taratibu, akishika ukuta. Siku mama aliporudishwa nyumbani Ipogolo, ndipo Frida alipofunga begi.

Hosteli za chuo zilikuwa zimejaa. Akapata chumba Iyunga, kwenye nyumba iliyo karibu na barabara kuu, kwa mama mmoja aliyeitwa Mama Gloria. Chumba kilikuwa safi na kitanda kilikuwa kizuri, ila kila lori la kwenda Tunduma lilipopita vioo vya dirisha viligonga kidogo. Mama Gloria hakuwa mtu mbaya. Alimgawia maji ya moto asubuhi bila kuombwa, maana baridi ya Mbeya ilimkuta Frida na sweta moja tu. Lakini mazungumzo yake matamu aliyafanya na majirani, uani, kwa Kinyakyusa, wakimenya ndizi za kupika. Frida akitokea wanageukia Kiswahili ili asijione ametengwa, na Kiswahili kikiingia, kicheko kinapungua. Baada ya siku chache akawa anapitia mlango wa mbele ili asiwakatize.

Hakuwa na wa kumlaumu. Kwao Ipogolo nao walikuwa hivyohivyo kwa wageni. Ila hapakuwa na mtu wa kumwambia "kamwene" ya Kihehe asubuhi, na hakuwa amewahi kufikiri kwamba salamu inaweza kumkosesha mtu raha kwa kutokuwepo tu.

Chuoni kazi ya kwanza ilikuwa kujisajili masomo. Mfumo ungefungwa wiki iliyofuata, na baada ya hapo hakuna kubadilisha. Masomo ya lazima yalijulikana: hisabati, mekanika, uchoraji wa kihandisi, misingi ya umeme, karakana na kompyuta. Mwenye nguvu angeweza kuongeza moja la hiari. Na kulikuwa na njia nyingine, ambayo wanafunzi waliitaja kwa mzaha: mtu aliyeingia na alama ndogo ya hisabati ya kidato cha sita aliruhusiwa kusoma kwanza Misingi ya Hisabati kwa muhula mzima, kisha hisabati yenyewe na mekanika akazisogeza mbele. Hilo somo walikuwa wamelibatiza tyusheni. "Wale wa tyusheni," walisema, na mtu akisema hivyo wengine walitazama pembeni kuona nani ameinamisha kichwa.

Frida alikuwa na B ya fizikia na E ya hisabati.

Kila mwanafunzi alipewa mshauri wa masomo. Wa kwake alikuwa Dokta Ikupa Mwambene, mwanamke mfupi mwenye miwani, mlangoni kwake foleni haikuisha. Frida alisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Alipoingia, Dokta Mwambene alifungua matokeo yake kwenye kompyuta, akayasoma haraka.

"Hii E," akasema. "Uliipataje na B ya fizikia?"

"Mwalimu wetu wa hisabati alihama tukiwa kidato cha sita, madam. Tukasoma wenyewe."

"Basi mimi nakushauri uanze na Misingi. Usikimbilie hisabati na mekanika kwa pamoja. Zitakubana."

"Nitachelewa kumaliza?"

"Unaweza kuchelewa, unaweza kufidia mbele. Inategemea utakavyokwenda." Akamtazama. "Mimi nashauri tu. Anayejisajili ni wewe. Nenda kafikirie, uongee na watu wako."

Mwanafunzi mwingine alikuwa ameshafungua mlango. Frida akashukuru, akatoka.

Aongee na watu wake. Alikaa kwenye ngazi za jengo la mihadhara akajaribu kufikiria hao watu ni kina nani. Rafiki yake wa sekondari, Lusia, alikuwa amepangiwa ualimu Dodoma na sasa alijibu meseji mara moja kwa siku, kwa neno moja. Mama hakutakiwa kusumbuliwa na mambo ya kumpandisha presha. Akabaki baba.

Mwalimu Kihwele alikuwa amestaafu shule ya msingi, mzee wa kanisa, mtu wa kunyoosha shati lake mwenyewe kila Jumapili. Frida alimpigia jioni, akamweleza alivyoambiwa.

"Misingi?" baba akasema. "Misingi si ulisoma sekondari?"

"Ni kwa wale wenye alama ndogo, baba."

"Chukua yote, mwanangu. Na hilo la hiari chukua. Mtu akianza kwa kupunguziwa, atazoea kupunguziwa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

"Haya. Mama yako anakusalimia. Leo amekula vizuri."

Kabla usiku haujaingia, Frida alifungua mfumo kwenye simu, akaweka alama kwenye masomo yote saba. Mfumo ukamwambia yamepokelewa. Hakusikia nafuu yoyote.

Shida ni kwamba alikuwa ameshaliona jambo hili likitokea nyumbani kwao. Kaka yake Didas, mkubwa wake kwa miaka sita, alikuwa amesoma chuo hikihiki, kozi hiihii. Siku alipochaguliwa, baba alisimama kanisani kutoa shukrani. Didas aliondoka na suti ya kuazima. Mwaka wa kwanza akaja likizo mara moja, amekonda, akisema masomo ni mengi. Mwaka wa pili hakuja kabisa, ila kila wiki alipiga simu na kusimulia: profesa fulani amesema hivi, maabara mpya imefunguliwa, wamepelekwa kuona mitambo. Baba aliyarudia maneno hayo kwa majirani. Kisha siku moja baba na mama wakapanda basi kwenda kumtembelea bila kumwambia, wakiwa na mchele na kuku wa kukaanga, na ofisini chuoni wakaambiwa kwamba Didas Kihwele alidisko, aliondolewa kwa kufeli, tangu mwisho wa mwaka wa kwanza. Hakuwa mwanafunzi wao kwa karibu mwaka mzima.

Walirudi na kuku wao. Frida alikuwa kidato cha pili. Alikumbuka mama akiweka mezani deli, chombo kilichobeba wale kuku, na hakuna aliyelifungua. Baba hakugomba. Tangu siku ile hakumtaja Didas, na hakuna aliyemtaja mbele yake. Zilikuja habari tu kwamba yuko Mafinga, kwenye kiwanda cha mbao.

Wiki ile ya mwisho ya usajili, Frida alihudhuria vipindi vyote saba. Kwenye hisabati alikaa safu ya nyuma. Mhadhiri aliandika ubao mzima, akafuta, akaandika tena, na ukumbini kalamu zilikuwa zikikimbia. Frida naye alikimbiza ya kwake. Aliporudi chumbani kusoma alichoandika, aliona ni mwandiko wake, lakini hakuelewa hata mstari mmoja.

Karakana ndiko kulikomuuma zaidi, ingawa huko masomo hayakuwa magumu. Kiongozi wa darasa, Yotamu, alimtafutia nafasi kwenye kikundi cha wavulana watano chini ya kijana aliyeitwa Crispin. Walimkaribisha vizuri, wakamwita "dada injinia". Siku ya zoezi la kwanza la kufunga saketi Frida alifika saa nane kamili kama ratiba ilivyosema, akakuta meza tupu na fundi wa karakana akifagia.

"Kikundi chenu walifanya asubuhi," fundi akamwambia. "Waliomba wabadilishiwe."

Alimkuta Crispin nje ya mgahawa.

"Aah, dada! Samahani sana," Crispin akasema, na kweli alionekana kuona aibu. "Tulikubaliana kwenye grupu la WhatsApp. Kumbe hatukukuunga. Tulikusahau kabisa. Lakini jina lako tumeliandika kwenye ripoti, usijali."

Akamuunga palepale. Frida akaona meseji za siku zilizopita zikiwa hazipo, ukurasa mweupe unaosema ameongezwa. Akasema asante. Njiani kurudi Iyunga alijiuliza kama ingekuwa afadhali wamemfanyia makusudi. Mtu akikufanyia makusudi, angalau amekufikiria.

Ijumaa alimpigia Didas. Namba aliipata kwa mama, ambaye alimtumia bila swali lolote. Simu iliita mpaka ikakatika. Baadaye ikaja meseji: *Nani? Niko kwenye mashine, sisikii.*

Frida akaandika: *Frida. Naomba nije kesho.*

Jibu halikuja mpaka jioni. Lilikuwa jina la kiwanda, na maneno, *ukishuka stendi uliza upande wa juu.*

Alifika Mafinga kabla ya mchana. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye misonobari, na mji mzima ulinuka mbao mbichi, harufu kali na tamu inayokaa kooni. Alipita kati ya malori yaliyopakia magogo, akauliza, akaelekezwa. Kiwanda kilikuwa paa refu la bati lisilo na kuta. Mashine zilikuwa zikipiga kelele za kuchana masikio. Mwanamume mmoja mwenye ndevu, maranda yamemjaa hadi kwenye nyusi, aliinua kichwa akamtazama kwa muda, kisha akamfanyia ishara mwenzake azime.

"Umekua," Didas akasema.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Hakumkaribia. "Umetumwa na baba?"

"Sijatumwa."

"Anajua uko hapa?"

"Hajui."

Didas akajipangusa mikono kwenye suruali, ikawa kama anazidi kuichafua. "Na mama? Mama amekutuma?"

"Mama alikuwa amelazwa, kaka. Presha. Ndiyo maana hata mimi nilichelewa chuo."

Didas akakaa juu ya rundo la mbao. Hakukaa kama mtu anayepumzika. Alikaa kama mtu aliyesukumwa.

"Lini?"

"Mwezi wa tisa mwishoni. Sasa amerudi nyumbani, anaendelea vizuri. Hukujua?"

"Nani angeniambia?" Akatazama magogo. "Alikuwa ananipigia kila Jumatano baba akienda kwaya. Miaka yote hii. Halafu akaacha. Jumatano ya kwanza nikasema labda hana salio. Ya pili nikanyamaza. Nikadhani na yeye amenichoka."

"Kwa nini hukupiga wewe?"

"Apokee baba?"

Mashine ya jirani ikaanza tena, na kwa muda wote wawili walijifanya kelele ndiyo inayowazuia kuongea.

Walikwenda kula kwa mama mmoja mwenye kibanda karibu na stendi, ugali na maharage na mboga za maboga. Didas alikula bila kuinua uso. Mwenye kibanda alimuuliza kama huyo ni mchumba wake, naye akasema hapana, ni mdogo wangu, anasoma uhandisi. Alilisema neno hilo vizuri, bila uchungu, na Frida akatamani baba angelisikia.

"Haya," Didas akasema walipomaliza. "Umekuja kwa ajili ya nini?"

Frida akampa simu, mfumo ukiwa umefunguka. Didas akasoma orodha ya masomo kwa kidole, moja baada ya jingine, kama mtu anayepita mtaa aliowahi kukaa.

"Yote saba," akasema. "Na hili la hiari umeliwekea nini?"

"Baba alisema."

"Na hisabati ulipata ngapi?"

"E. Mshauri wangu aliniambia nianze na Misingi. Tyusheni."

Didas akacheka kidogo, kisha akaacha. "Bado wanaiita tyusheni?"

"Bado."

"Mimi pia niliambiwa. Mshauri wangu alikuwa mzee mmoja mpole, ameshastaafu nadhani. Akaniambia kijana, anza na Misingi. Mimi? Mtoto wa Mwalimu Kihwele? Nilitoka ofisini kwake nawasimulia wenzangu, tunacheka. Nikachukua yote. La hiari nikachukua." Akamrudishia simu. "Testi ya kwanza ya hisabati nilipata kumi na moja kwa mia. Ungedhani ningekwenda kumuuliza mtu. Sikwenda. Nilikuwa naona wote wanaelewa ila mimi. Nikaanza kukosa kipindi, maana nikikaa mle nilikuwa nahisi wananiona. Nikikosa kimoja, kinachofuata ndiyo sielewi kabisa. Mwisho nikawa naamka asubuhi, navaa, nabeba daftari, nakwenda kukaa soko la Soweto mpaka jioni. Ili wenzangu wa chumbani waone nimetoka."

"Hukumwambia mtu?"

"Ningemwambia nani? Kila niliyemjua nilikuwa nimeshamdanganya."

Mwenye kibanda akaja kuchukua sahani. Walisubiri aondoke.

"Sasa mimi nichukue yapi?" Frida akauliza.

"Usiniulize mimi."

"Nimepanda basi kutoka Mbeya kuja kukuuliza wewe."

"Frida, mimi nilidisko. Utawaambia watu umeshauriwa na aliyedisko?"

"Ndiyo," Frida akasema. Sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka, na machozi yakaja pamoja nayo. "Kwa sababu sina mwingine, kaka. Nimekaa kule wiki nzima na sijaongea na mtu zaidi ya samahani na asante. Darasani wananisahau. Nyumbani napita mlango wa mbele. Hisabati sielewi hata kidogo. Nikijaribu kufikiria nimuulize nani, nakuja kwako tu."

Didas akaupeleka mkono kama anayetaka kumshika bega, akaona maranda yaliyojaa kwenye shati, akaurudisha.

"Hiyo E unaijua wewe," akasema taratibu. "Baba haijui. Baba anajua neno injinia. Kama umekaa darasani na huelewi, wewe ndiye unayejua huelewi. Mimi ningesema anza na Misingi, lakini siwezi kukudanganya: itakuuma. Watakucheka. Wenzako wataingia hisabati na wewe utakaa nje unawasubiri. Unaweza kukaa nje?"

"Nimeshazoea kukaa nje."

"Basi."

Alimsindikiza stendi. Kabla basi halijaondoka Frida alimwambia aje nyumbani Krismasi.

"Baba hajasema nisije," Didas akajibu. "Ila hajasema nije."

"Mimi nasema uje."

"Nimekusikia."

Jumatatu asubuhi, siku mfumo ulipokuwa unafungwa, Frida alikwenda kwa Dokta Mwambene akakuta mlango umefungwa. Alikuwa amekwenda kwenye kikao. Akakaa kwenye zilezile ngazi. Akaondoa hisabati. Akaondoa mekanika. Akaondoa la hiari. Akaweka Misingi ya Hisabati, na kabla ya kubonyeza alijua kwamba hakuna mtu duniani anayemwona wakati huo, na kwamba hata ingekuwa kosa, lingekuwa la kwake. Akabonyeza.

Kisha akampigia baba, maana aliogopa kwamba asipompigia leo atakuwa ameanza njia ya Didas.

"Shikamoo, baba. Nimepunguza masomo. Nimeanza na Misingi."

Baba akaguna.

"Kwa hiyo utamaliza lini?"

"Sijui, baba. Inaweza kuongezeka mwaka, inaweza isiongezeke."

"Nani amekushauri?"

"Mshauri wa chuo. Na kaka Didas. Nilikwenda Mafinga Jumamosi."

Frida alisikia jogoo wa jirani yao wa Ipogolo, na kijiko kikigonga kikombe. Alijua baba yuko barazani na chai yake, na alijua uso wake ulivyo.

"Haya," baba akasema hatimaye. "Vaa nguo nzito. Mbeya kuna baridi."

Akakata.

Darasa la Misingi lilikuwa chumba kidogo nyuma ya stoo ya viti. Walikuwa wachache, kila mmoja amekaa mbali na mwenzake kama watu wanaosubiri daktari. Mwalimu wao alikuwa kijana, mhadhiri msaidizi aliyeitwa Sifaeli, aliyefundisha taratibu na kurudia bila kuchoka. Siku za mwanzo hakuna aliyeuliza. Siku ya tatu Frida aliinua mkono, akasema, "Sijaelewa kuanzia mstari wa pili." Sifaeli akafuta, akaanza upya. Nyuma yake mtu akapumua kwa nguvu, kama aliyetuliwa mzigo.

Aliyepumua alikuwa Jackline, mwanamke aliyemzidi Frida kwa miaka mingi, mwenye mtoto aliyemwacha Tukuyu kwa bibi yake. Tangu siku ile Jackline akawa anakaa kiti cha jirani. Hawakuwa marafiki hasa. Kipindi kikiisha Jackline alikimbilia simu kuongea na mtoto, na Frida akaondoka zake. Lakini walitumia kikokotoo kimoja, na mvua za Desemba zilipoanza walitembea chini ya mwavuli mmoja mpaka getini, kila mmoja bega moja limelowa.

Mengine yalikuwa kama Didas alivyosema. Asubuhi ambazo darasa lake liliingia hisabati, Frida alikaa nje kwenye benchi akisikia sauti ya mhadhiri bila maneno. Crispin na wenzake walipotoka walijadili maswali ambayo yeye hakuyajua, na wakimfikia walibadilisha mazungumzo kwa upole, jambo lililomuuma kuliko kicheko. Kulikuwa na Jumapili nzima alizopitisha bila kutamka neno isipokuwa kuitikia ibadani. Alipika, akaosha sufuria moja, akafanya maswali. Maswali yakaanza kukubali.

Krismasi alikwenda nyumbani. Mama alikuwa amenenepa kidogo na alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamwambia "kamwene" mara tatu, kama aliyejua. Didas hakuja. Alituma meseji kwamba kuna mzigo wa haraka kiwandani, na Frida hakuweza kujua kama ni kweli. Walikula watatu. Mama alipika kwa watu wanne, na hakuna aliyesema kitu kuhusu chakula kilichobaki.

Kesho yake asubuhi Frida alimkuta baba barazani akipiga viatu rangi. Baba hakuinua kichwa.

"Hicho kiwanda," akasema, akisugua kisigino. "Kiko upande gani wa barabara?"

"Upande wa juu, baba. Ukishuka stendi unauliza."

Baba akaendelea kusugua.

Matokeo ya muhula yalitoka mwezi wa tatu. Frida alipata B+ kwenye Misingi, akafaulu mengine, isipokuwa uchoraji wa kihandisi ambao alitakiwa kurudia mtihani wake. Yotamu alimwambia kwamba hisabati na mekanika ziliwaangusha wengi. Hata Crispin alikuwa na mitihani ya kurudia mitatu. Frida hakufurahi kusikia hivyo. Jioni Crispin alimtumia meseji, si kwenye grupu, kwake peke yake, akimuuliza kama daftari lake la Misingi anaweza kumwazima. Akajibu aje alichukue.

Muhula wa pili ulipoanza, siku alipojisajili hisabati yenyewe, Didas alimpigia. Ilikuwa mara ya kwanza apige yeye.

"Baba alikuja," akasema.

"Mafinga?"

"Jana. Mimi sikuwepo. Tulikuwa msituni Sao Hill tunapakia magogo, lori likakwama kwenye tope. Nimerudi jioni, wananiambia kulikuwa na mzee hapa, amevaa shati jeupe, ana mwavuli. Walidhani mteja. Wakamuuliza anataka mbao za saizi gani. Akasema anamsubiri mtu. Akakaa kwenye rundo la mbao tangu asubuhi mpaka basi la mwisho la Iringa."

"Hakuacha ujumbe?"

"Hakuacha." Didas alikohoa, na Frida akajua si vumbi la mbao. "Aliwauliza kama nakula vizuri. Wakamwambia ndiyo. Basi, akaondoka."

Frida alikuwa amesimama nje ya ukumbi wa mihadhara. Wanafunzi walimpita wakiingia.

"Mpigie, kaka."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ulikuwa msituni."

Didas akawa kama analipima neno hilo aone kama linatosha. "Ni kweli," akasema. "Nilikuwa msituni."

"Basi mwambie hivyo."

Alisema ataona. Frida akaingia darasani, akatafuta nafasi, safari hii katikati. Mhadhiri alianza kuandika ubao mzima. Mistari ya kwanza aliielewa. Wa tano ukamkataa, akaweka alama pembeni yake ili aulize.

Jioni, Mama Gloria akiwa uani na majirani zake, Frida alipasha wali moto, akakaa kitandani, akampigia baba kumsalimia. Simu yake ilikuwa inatumika. Akala kidogo, akajaribu tena. Bado ilikuwa inatumika. Baba hakuwa mtu wa maongezi marefu kwenye simu, na watu aliozoea kuongea nao walikaa palepale Ipogolo, mtaa huohuo.

Frida akaiweka simu pembeni ya sahani ili asiwakatize, akamaliza kula peke yake.